Akiba ya petroli nyumbani: kumbukumbu ya kibanda changu, Goba

Aprili 2, 2024
Jana, Jumatatu ya Pasaka, Gridi ya Taifa ilipata hitilafu na nchi ikaamka gizani. Jenereta ninayo, ndogo ya kVA 2.5, lakini tenki lilikuwa karibu tupu na insulini ya mama imo kwenye friji. Nimeamua: naweka akiba ya lita 100. Madumu matano ya lita 20, yakae stoo. Nitaandika kila hatua.

Aprili 6
Madumu nimepata, yale ya njano ya mafuta ya kula. Nikiwa nayasuuza akapita mzee jirani, ambaye alifanya kazi miaka mingi kwenye maghala ya mafuta Kurasini.

"Shikamoo, mzee."
"Marahaba, mwanangu. Unataka kuweka nini humo?"
"Petroli."

Akanyamaza, kisha akauliza jiko la gesi liko upande gani. Nikamwonyesha: mlango wa pili kutoka stoo. Hapo akakaa kwenye ndoo na kunifundisha. Kinachowaka ni mvuke, na petroli hutoa mvuke wa kutosha kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Sembuse stoo ya Dar es Salaam mchana. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hautoki dirishani kama moshi, unatambaa sakafuni, unapita chini ya mlango hadi ukute cheche au moto wa jiko. Na dumu la mafuta ya kula halikutengenezwa kwa petroli: plastiki yake inalainika, inavimba, na mvuke hupenya taratibu.

"Umesahau Msamvu?" akaniuliza.

Sijasahau. Agosti 10, 2019, pale Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, na likalipuka. Walikufa zaidi ya watu 100. Wengi walikuwa na madumu kama haya yangu. Nimeyaosha tena, ni ya maji sasa.

Aprili 13
Kabla ya kununua chochote nimepima. Nimewasha jenereta na friji na taa mbili tu: imetumia lita 0.7 kwa saa. Friji ikijazwa chupa za maji yaliyogandishwa haihitaji umeme mchana kutwa. Kuiwasha kwa muda wa saa mbili alfajiri na muda wa saa mbili jioni kunatosha, na kipimajoto nilichoweka karibu na insulini hakikufika nyuzi 8. Yaani lita 2.8 kwa siku. Lita 20 zinanifikisha wiki nzima. Zile 80 nyingine zilikuwa ni hofu yangu tu, na hofu hiyo ningeilaza chumba cha pili na mama yangu. Mpango mpya ni jerikeni moja, ndani ya kibanda cha nje nitakachojenga.

Mei 3
Kimbunga Hidaya kinakaribia pwani, tangazo limetoka. Kituoni foleni ni ndefu, watu na ndoo zisizo na mifuniko. Nimejaza tenki la jenereta na la pikipiki, nikarudi. Kibanda bado, kwa hiyo akiba bado.

Mei 18
Kibanda kimesimama, mita 9 kutoka nyumbani, chini ya mwembe, mbali na jiko la jirani pia. Matofali, bati lililopakwa rangi nyeupe, mlango wa chuma wenye kofuli. Hakuna waya wa umeme wala taa.

Fundi aliweka matundu juu tu, kama tunavyofanya chumbani. Nilikuwa kazini, sikumsimamia, kosa ni langu. Mvuke unaozama ungejaa mle kama maji kwenye beseni. Tumetoboa upya: matundu ya chini yako vidole vinne juu ya sakafu, na kizingiti cha saruji chini yake ili mafuta yakimwagika yasitoke nje. Ya juu tumeyaacha, hewa ipate kupita.

Juni 1
Jerikeni ya chuma imefika. Umbo hili ni la jeshi la Ujerumani, miaka ya 1930, na jina lenyewe linatokana na "Jerry", jina ambalo askari wa Uingereza waliwaita Wajerumani. Mpaka leo sijaona chombo kilichofikiriwa vizuri kuliko hiki.

Mhudumu alitaka kuijaza ikiwa juu ya kiti cha bajaji. Nikaishusha chini kwanza: ikiwa juu ya kiti, umeme tuli, ule unaojikusanya kwa msuguano, hauna pa kwenda na cheche yaweza kuruka mdomoni mwa chombo. Mdomo wa bomba uligusa chuma muda wote, tukamimina polepole, tukaishia lita 19 ili mafuta yapate nafasi ya kutanuka kwenye joto. Nimeandika tarehe kwa rangi.

Agosti 10
Jenereta imegoma. Akiba ni nzima, nimebadilisha mwanzoni mwa mwezi. Iliyoharibika ni ile ya ndani ya jenereta, niliyoisahau tangu Mei. Kabureta imejaa gundi ya kahawia, na harufu ni ya vanishi. Kuanzia sasa nafunga koki ya mafuta na kuiacha injini ijizime yenyewe, kisha namwaga kilichobaki tenkini kwenye pikipiki. Jerikeni nayo naimimina humo kila baada ya miezi miwili na kujaza upya.

Wakati wa kumimina, mpwa wangu alishika bomba la mpira anyonye mafuta kwa mdomo. Nilimpokonya kwa ukali nikamwomba radhi baadaye. Tone moja la petroli likiingia mapafuni ni hatari, na aliyemeza hatapishwi, anakimbizwa hospitali. Nimenunua pampu ya mkono.

Oktoba 12
Umeme wa mtaa wetu ulikatika saa tatu usiku. Jenereta ilikaa uani, mbali na madirisha kwa sababu moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua. Mafuta yalipoisha nilisubiri nusu saa ipoe ndipo nikaongeza. Mama aliuliza mbona nachelewa, nikamweleza, akasema, "Subiri tu, mwanangu, dawa bado baridi."

Desemba 1 ni zamu ya kubadilisha tena. Ndoo ya mchanga na mtungi wa poda wa kuzimia moto viko mkono wa kushoto wa mlango wa kibanda, na namba ya zimamoto, 114, nimeichora kwa herufi kubwa.