Nilivyojifunza injini nikianza na IST yangu

Ushauri ninaompa kila anayeanza ni huu: shika injini moja tu mpaka uielewe. Mimi nilishika 1NZ-FE, injini ya petroli ya Toyota, kwa sababu ndiyo iliyokuwa chini ya boneti yangu. Imefungwa kwenye IST, Vitz, Probox na Spacio nyingi, kwa hiyo hapa Dar mafundi wengi wameshaifungua, na spea zake, mpya na za mtumba, zimejaa Kariakoo na Ilala.

Kilichonifungua macho kwanza ni hesabu. Kila siku nilisikia gari hili ni "sisi 1500" (cc, yaani sentimita za ujazo), nikataka kujua zinatoka wapi. Silinda ya 1NZ ina kipenyo cha milimita 75, na pistoni inasafiri milimita 84.7. Chukua kanuni ya ujazo tuliyosoma sekondari, zidisha kwa silinda nne, unapata cc 1497. Namba ile ilipotokea kwenye daftari langu nilifurahi sana. Nikaelewa kuwa injini ni pampu ya hewa: inavuta, inabana, inachoma, inatoa.

Nikamwomba fundi wangu niwe nashinda gereji kwake Jumamosi, nimshikie tochi na kuosha vipuri. Alikubali kwa sharti moja: kabla hajagusa gari, mimi niseme tatizo nadhani ni nini. Siku moja ikaletwa Probox inamisi, yaani silinda mojawapo haichomi vizuri.

"Haya dogo, hewa, mafuta au moto?"

"Moto, fundi."

"Thibitisha."

1NZ ina koili nne za kuzalisha umeme wa cheche, kila plagi na yake. Tukaiacha injini ikiunguruma, tukawa tunachomoa soketi ya koili moja moja na kuirudisha. Ukichomoa kwenye silinda isiyo na tatizo, injini inatetemeka zaidi. Tulipofika ya tatu, hakuna kilichobadilika. Tukazima, tukahamishia koili ile silinda ya pili, na ubovu ukahama nayo. Mteja akanunua koili moja badala ya nne. Njia hii naipenda mno, maana inamlinda mtu asiye na hela ya kubahatisha.

Fundi akanifundisha pia kusoma plagi. Kahawia hafifu ni afya, masizi makavu meusi mara nyingi ni mafuta kuzidi, na ikilowa oili, jua oili inapenya mahali isipotakiwa.

Nilipoanza kuulizia mambo ya kumodifai, tayari nilikuwa na kipimo. Filta ya hewa ya koni ikikaa wazi pembeni ya injini inavuta hewa ya moto, na hewa ya moto ina oksijeni kidogo kwa ujazo uleule. Kwenye foleni ya Dar haina faida. Turbo nayo: 1NZ tayari inabana mchanganyiko wa hewa na petroli mara 10.5. Ukiisukumia hewa zaidi bila kupanga upya mafuta na moto, petroli inaweza kulipuka kabla ya wakati wake na pistoni zikapasuka. Kukata springi ili gari lilale napinga kabisa. Springi fupi inaweza kuhama kwenye kikalio chake gurudumu likining'inia, na barabara zetu ni matuta kila mahali.

Hela yangu niliipeleka kwenye matairi mazuri, pedi na mafuta mapya ya breki, na shokapu nne. Nguvu ya injini haikuongezeka hata kidogo, lakini gari lilibadilika kuliko gari lolote la rafiki zangu waliofunga egzosi kubwa.

Tofauti niliiona nikitoka Iringa, kwenye mteremko wa Kitonga. Niliweka gia ya chini, nikatoa mguu kwenye mafuta. Ile pampu ikinyimwa hewa inageuka mzigo, inalizuia gari lisikimbie, na breki zinabaki za kugusa tu kwenye kona. Malori yalikuwa yanashuka taratibu mbele yangu, nami nikashuka nyuma yao kwa mwendo wao, pedi zikiwa baridi.