A tatu za KAHAWA

Baridi ya Julai imeshaingia hadi ndani na vidole vimekufa ganzi, lakini nataka niyaandike haya kabla sijalala.

Siku tano nimeshinda na lebo ya mama mmoja hapa Mbeya, anayekaanga kahawa ya Mbozi na kuiuza kwenye mifuko ya kaki. Nilimchagulia fonti nene, yaani seti ya herufi za kompyuta za mtindo mmoja, ya herufi kubwa tupu, yenye mikwaruzo na mapengo kama bango la zamani ambalo wino haukushika vizuri. Niliipenda mno. Leo asubuhi nimempelekea. Akaitazama kimya, kisha akasema, "Mwanangu, mbona hizi A zote zina kovu moja?"

Kweli. KAHAWA ina A tatu, na zote zimemeguka mguu wa kulia, pale pale. Lugha yetu inaziumbua haraka fonti za namna hii, maana A haikai mbali na A mwenzake.

Nimeumia, kwa sababu naijua asili yake. Herufi kubwa za mabango zilikuwa za mbao. Herufi za madini ya risasi zilifaa maandishi madogo. Ukubwa ukizidi, herufi inakuwa nzito na uso wake haupoi sawasawa. Mwaka 1827 Darius Wells wa New York alianza kuzitengeneza kwa mashine, akitumia mbao iliyokatwa kukingama nyuzi za mti ili uso uwe mgumu, na mwaka uliofuata akatoa katalogi yake. Katika kasha la mchapaji kila A ilikuwa kipande peke yake. Moja imedondoka sakafuni, nyingine imebanwa kupita kiasi, nyingine imelowa. Zikipangwa pamoja, kila moja inakuja na yaliyoipata.

Baadhi ya waunda fonti wanalijali hili. Hii yangu, kumbe, ukibonyeza a ndogo inakupa A kubwa ya pili, yenye mikwaruzo tofauti. Nikawa na mbili.

Ya tatu nimeifuata Mwanjelwa kwa fundi seremala, shikamoo na maombi ya kipande cha mninga. Kanipa bure. Mhuri huchongwa kinyume, ila A ukiigeuza inabaki A. H na W vilevile. Katika neno zima ni K tu ambayo ingenisumbua. Nimechonga kwa patasi tangu saa nane, nikapaka wino, nikaweka karatasi juu na kusugua kwa mgongo wa kijiko. Vinyweleo vya mninga vikaacha vistari vyembamba vyeupe ambavyo nisingeweza kuvichora hata kwa mwezi mzima.

Nimechapa mara saba. Nimeichukua ya tano: miguu yote mizima, kilele kimefifia kidogo upande wa kushoto. Nimeipiga picha kwa simu na kuiweka mwishoni mwa neno.

Kesho naipeleka kwa mama. Kile kipande cha mninga kiko dirishani, wino wake bado haujakauka.