Kilwa Masoko hadi Dar es Salaam kwa mashua ya tanga, wakati wa kusi

Upepo wa kusi, uvumao kutoka kusini, ukishakutoa bandarini, haukurudishi. Kutoka Kilwa kwenda Dar es Salaam unasukumwa na upepo pamoja na mkondo wa bahari unaoelekea kaskazini mwaka mzima, na mashua ya futi 24 yenye tanga la foromali (boriti ndefu inayoshikilia tanga juu) haiwezi kubisha, yaani kwenda kinyume cha upepo, ikavishinda vyote viwili. Kwa hiyo kila hatua ya safari tuliipangia kimbilio lililo mbele ya chombo. Bandari tuliyoiacha nyuma hatukuihesabu kabisa.

Njia tuliigawa mara nne: Masoko hadi Songo Songo, maili 25 za baharini, Songo Songo hadi Kilindoni, Mafia, maili 37, Kilindoni hadi kisiwa cha Kwale, maili 37 nyingine, halafu Kwale hadi Dar kwa kuizunguka Ras Kimbiji, maili 45. Mashua hii hukimbia noti 5 (maili 5 za baharini kwa saa) upepo ukiwa wa wastani, lakini saa zote tulizipiga kwa noti 4, na msaada wa mkondo tukaupa sifuri. Ndani ya mlango wa Mafia, yaani njia ya bahari kati ya kisiwa na bara, mkondo ni dhaifu kuliko nje ya kisiwa, na ukiutegemea utafika giza limeshaingia.

Tulichagua Septemba. Kuanzia Juni hadi Agosti kusi huwa na nguvu zake zote na bahari huinuka. Ukichelewa hadi Oktoba na Novemba upepo hupungua na kuanza kuzunguka, nawe waweza kukaa mchana kutwa tanga limelala. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa tuliutazama kila jioni. Wakitangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, hiyo ni kama noti 22, na kwa chombo cha ukubwa huu hakuna mjadala: nanga inabaki chini.

Baada ya msimu inakuja hesabu ya mwezi, na hapa ndipo wengi wanapopita haraka mno. Katika pwani hii, siku za bamvua (mwezi ukiandama au ukiwa mpevu) maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku saa hizo husogea mbele kama dakika 50, hata likifika juma moja ni maji mafu na mambo yamegeuka: maji hujaa saa nne na kupwa saa kumi. Tofauti ya kujaa na kupwa kwenye bamvua hufika mita 3 na zaidi. Kwenye maji mafu ni kama mita moja tu. Tuliondoka siku mbili baada ya mwezi mpevu kwa sababu tatu. Maji yalikuwa yamejaa saa kumi na moja alfajiri, yakatutoa Masoko yanapoanza kupwa. Mwezi ulikuwa bado juu upande wa magharibi, ukatuangazia hadi kupambazuka. Na tulipokaribia Songo Songo saa tano hivi, maji yalikuwa yamepwa: vipwa vyote (miamba na mafungu yanayofunikwa maji yakijaa) viko nje, jua liko juu, rangi ya maji inasomeka. Mwamba unaouona haukutoboi. Ule uliofunikwa na nusu mita ya maji ndio unaovunja mkuku, uti wa chini wa chombo.

Chombo chenyewe kilitayarishwa mapema. Mashua iliyokaa juani mchangani mbao zake hukauka na kuachana, kwa hiyo baada ya kukalafati (kuziba nafasi za mbao) kwa pamba na mafuta iliingizwa majini siku mbili kabla, ikavimba. Hapo tukapima ngama, maji yanayovujia chini ya chombo: ndoo ngapi zinatoka kwa saa chombo kikiwa kimetulia. Kipimo hicho ndicho kinachokuamsha safarini, maana ndoo zikiongezeka maradufu bila mawimbi kuingia, kuna pamba iliyotoka. Henza, kamba ya kupandishia tanga, ilikaguliwa pale inapopita kwenye kapi la juu ya mlingoti, kwani hukatikia hapo. Tukaigeuza, ncha ikawa mwanzo. Foromali huungwa kwa miti miwili, na mafundo ya kiungio yakilegea hupasuka upepo ukipiga ghafla. Tulifunga upya kwa kamba iliyoloweshwa. Tulibeba pia tanga dogo la pili, sababu tanga la foromali halipunguziki kirahisi: unashusha kubwa na kupandisha dogo, na kazi hiyo hufanywa kabla upepo haujakulazimisha.

Maji ya kunywa: watu watatu, lita 5 kwa mtu kwa siku, siku tano za mpango na tatu za akiba, ni lita 120. Madumu sita ya lita 20, matatu kila upande, chini kabisa na yamefungwa, yakawa pia uzito wa kutuliza chombo. Petroli lita 40 kwa injini ya nguvu za farasi 15, iliyochanganywa na oili mililita 400 kwa kila lita 20. Kwa mwendo wa juu hunywa karibu lita 6 kwa saa, kwa hiyo yote ni kama saa sita na nusu: inatosha kuingia na kutoka milangoni, haitoshi kusafiria. Jiko la mkaa likakaa ndani ya sanduku la mchanga, mbali na dira, kwa kuwa chuma huivuta sindano. Jaketi okozi kila mtu aliivaa. Jaketi iliyofungiwa chini ya mizigo haimsaidii mtu aliyekwisha kuanguka.

Nanga nayo ina hesabu yake. Ukitia nanga kwenye mita 3 maji yamepwa, usiku yakijaa utakuwa kwenye mita 6 au zaidi. Kamba ni mara tano ya kina cha maji yaliyojaa, mara saba upepo ukivuma, kwa hiyo tulikuwa na mita 50, na mita 5 za mnyororo mwishoni, maana matumbawe hukata kamba kama msumeno. Kabla ya kutia tulishusha bildi (uzito wenye kamba wa kupimia kina) iliyopakwa shahamu kitakoni. Ikipanda na mchanga, tia nanga. Ikipanda tupu, hapo ni mwamba, sogea.

Kutoka Masoko tulitumia injini, kwani mlango unatazama mashariki na kusi huingia humo moja kwa moja. Maji yanayotoka yakikutana na upepo unaoingia, huinuka mawimbi mafupi yenye kusimama wima. Alfajiri upepo huwa mdogo na mlango hupitika. Ikifika saa nne kusi huamka, na mlango uleule si wa kuchezea. Nje tukapandisha tanga. Songo Songo ni kisiwa cha gesi, na bomba hupita chini ya bahari kutoka hapo hadi bara. Hakikisha unajua liko wapi kabla ya kutia nanga.

Hatua ya Mafia ndiyo nzuri kuliko zote. Upepo unakuja nyuma ya ubavu wa kulia, demani (kamba ya kulirekebisha tanga) imelegezwa, chombo kinakwenda bila kulazimishwa. Visiwa vya Nyuni na Okuza tuliviacha kulia, navyo vilikuwa kimbilio la nusu ya kwanza. Kilindoni ufuko ni wa kina kifupi na hukauka mbali, kwa hiyo tulikaa nje, tukapumzika siku moja kamili. Mapumziko hayo yalikuwa kwenye mpango: yalisogeza maji kuelekea maji mafu kabla ya hatua inayopita mbele ya Rufiji.

Rufiji inataka heshima. Mto humwaga tope, maji yanakuwa ya kahawia, na pale macho hayana kazi. Bildi ndiyo macho. Mafungu ya mchanga huhama, ramani ya zamani si ya kuaminiwa, na magogo huelea usawa wa maji. Tulikaa katikati ya mlango wa Mafia, mbali na midomo ya mto, bandari ya Nyamisati ikiwa kimbilio upande wa kushoto. Taabu ya hatua hii ni upepo kuwa nyuma kabisa. Tanga likishikwa upande usiotarajiwa, foromali huzunguka mlingoti kwa kishindo na huweza kuuvunja, au kumpiga mtu. Tuliweka upepo kwenye pembe ya shetri (nyuma ya chombo), tukaenda mshazari, na kila tulipotaka kubadili upande tulilipitisha tanga mbele ya mlingoti kwa utulivu, mmoja kwenye kana (mpini wa usukani), wawili kwenye kamba. Njia hurefuka kwa maili chache, lakini mlingoti hubaki mzima.

Kwale tuliondoka saa kumi alfajiri. Maili 26 za kwanza ni kaskazini-mashariki hadi Ras Kimbiji, mawimbi yanapiga ubavuni na ufuko wenye miamba uko upande wa demani, yaani kule upepo unakokusukumia. Tulijipa nafasi ya maili 3 kutoka ufukweni, ili kitu kikikatika pawe na muda wa kutengeneza kabla ya kusukumwa mwambani. Baada ya rasi, mwelekeo hugeuka kaskazini-magharibi na mkondo wa nje unashika chombo. Hapa usilale: ukiupita mlango wa Dar, kurudi nyuma kwa tanga ni kazi ya kutwa. Tulilenga kusini ya mlango, upande wa visiwa vya Sinda, ambavyo upande wake wa bara ni mahali pa kujificha ukichelewa, kisha tukaachia chombo kishuke taratibu kuelekea visiwa vya Makatumbe.

Mlangoni tanga lilishushwa lote na injini ikawashwa. Njia ni nyembamba, meli kubwa haziwezi kukukwepa, na boti za Zanzibar huacha mawimbi yanayofika dakika kadhaa baada ya boti yenyewe kupita. Pindua omo, sehemu ya mbele ya chombo, uyapokee kwa mbele. Tulipotia nanga, simu ya kwanza ilikwenda kwa mtu wa nchi kavu aliyekuwa na karatasi ya safari nzima: majina yetu, rangi ya tanga, kila kituo na saa ya kufika. Alikuwa na agizo moja, kwamba ikifika saa mbili usiku bila habari yetu, awapigie watu wa uokoaji bila kusubiri kuche.