Goli la Kolwezi

Tulitoka Lubumbashi saa kumi na moja alfajiri, watu watatu na kamera moja: mimi, mpiga picha ninayemwita Yaya kwa kuwa amenizidi umri, na dereva asiyetaka maneno kabla ya chai. Mechi ilikuwa Kolwezi, kilomita zipatazo 300, saa tisa alasiri.

Mpaka Likasi nilisinzia. Kutoka hapo nani alale? Malori ya shaba yanakuja mfululizo, na kulipita hata moja kunataka moyo. Watu wakiniona kwenye televisheni na kipaza sauti hudhani maisha yangu ni kiwanjani. Kumbe kiwanja ni dakika 90 tu. Mengine yote ni kiti cha gari, magunia ya makaa kando ya barabara, na daftari magotini. Majina na namba za wachezaji naandika kwa penseli, maana makocha hubadilisha kikosi dakika ya mwisho.

Nilianzia redio. Kilichonihamisha ni Desemba 2010, TP Mazembe, klabu yetu ya Lubumbashi, walipoichapa Internacional ya Brazil 2-0 kule Abu Dhabi, wakawa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. (Fainali Inter Milan walitupiga 3-0, hiyo tuiache.) Nilimweleza bibi yangu jinsi kipa Kidiaba alivyoshangilia, amekaa chini, anarukaruka kwa makalio. Akasema naongeza chumvi. Alipoona picha, alicheka mpaka akashika ukuta. Nikasema basi, nataka kazi yenye picha.

Karibu na Fungurume tairi la nyuma likaisha upepo. Kwado, yaani fundi wa matairi, alikuwa kijana mdogo. Alizamisha mpira wa tairi kwenye beseni la maji machafu, akausogeza taratibu, mapovu yalipotoka akabana tundu kwa dole gumba kama anayemziba mtu mdomo. Jicho lake lingine lilikuwa kwenye kamera.

“Mutanionyesha goli pa kurudia, mukubwa?”

Nikaahidi.

Tuliingia kiwanjani mpira umeshaanza. Usiku uliotangulia umeme ulikatika mtaani kwa Yaya, betri zikaja nusu. Kipindi cha pili akainama kubadilisha. Sekunde kumi, labda. Winga wetu akamtoka beki kwa ndani, akapiga kwa kisigino, wavu. Yaya aliinuka na betri mkononi akanitazama. Sikumlaumu, nilitazama daftari.

Tulipata shangwe, tukapata vumbi la mashabiki, tukampata kocha akisema mechi ilikuwa ngumu, kama asemavyo akishinda na akishindwa. Mpaka saa sita usiku nilikuwa natuma video kwa simu, nimesimama kwenye ngazi za hoteli ambako mtandao ulikuwa nafuu. Taarifa ya dakika mbili, goli halimo.

Kesho yake dereva alisimama Fungurume bila kuulizwa. Yaya akamfungulia kijana kioo kidogo cha kamera. Akatazama wachezaji wakikumbatiana, akangoja, akangoja.

“Na goli yenyewe, mukubwa?”

Nikashuka garini. Nikaweka kokoto mbele ya mguu, beseni lake likawa beki, matairi mawili milingoti. Nikaanza kutangaza kwa sauti ile ya redio.