Kuku wa eafraya, ngozi krispi na nyama haijakauka: mimi nafanya hivi

Kila nnaemjua mwenye eafraya analalamika kitu kilekile, eti kuku akitoka mule ni kama kachemshwa, na ukimuongezea dakika ili ngozi ikauke basi na nyama nayo inakauka unabaki unatafuna kamba. Ya kwangu ni ya kawaida tu, lita 5 na ushee, wati 1500, na sasa hivi nyumbani ikifika jumamosi hamna anaeulizia tena chipsi kuku za pale kona. Nilichokuja kukielewa ni kwamba kazi yote ni kucheza na maji, ya kwenye ngozi uyatoe na ya ndani ya nyama uyabakize, ukishafika hapo viungo weka unavyotaka wewe.

Ngozi ikiwa na maji haiwezi kuwa ya brauni, maana maji yanachemka kwenye nyuzi 100 na yakiwepo hayaruhusu joto la ngozi lipande, wakati ule ubrauni na ile harufu ya kuita majirani vinaanza kuja vizuri kuanzia 140 hivi. Ukikaanga kwenye karai huoni shida, mafuta yana 170 au 180 na yamemzunguka kuku pande zote, maji yanaruka kwa kelele na kuisha. Eafraya ni kaoveni kadogo kenye feni, inapuliza hewa ya moto, na hewa haipeleki joto haraka kama mafuta. Sasa wewe unamuingiza kuku kalowa rojo la kitunguu saumu, tangawizi na mtindi, dakika zote za mwanzo mashine inahangaika kukausha rojo, ikija kumaliza ndo ianze ngozi, na huku ndani nyama ishapitiliza zamani. Hapo hata ununue mashine ya milioni majibu ni yaleyale.

Kwahiyo mimi kazi kubwa naifanya jana yake. Kuku nachukua wa kisasa, nikipata nafasi napita soko la kuku Shekilango anachinjwa nikiwepo, nikikosa hiyo nachukua wa dukani wa friza ila huyo namyeyusha kwenye friji taratibu mpaka maji yote yachuje, ukimuwahisha bado ana barafu katikati utajuta. Na huyu wa kuchinjwa leo asubuhi nae asipikwe saa hiyohiyo, nyama ya mnyama akishachinjwa inakakamaa masaa kadhaa kisha inalegea yenyewe, kwahiyo kulala kwenye friji kunamfaa kwa mengi. Nakata vipande 8, mapaja, vile vya chini ya paja, vidari, vipapatio. Ngozi siitoi, bila ngozi hatuna la kuongea hapa.

Kuhusu kuosha, wataalamu wa afya wanashauri usioshe kuku mbichi maana yale maji yanaruka na vijidudu kwenye sinki na vyombo vya jirani, na moto ndo unaoviua. Mimi niliacha. Mama mkwe akija naosha kwa ndimu na kuangalia pembeni, sina muda wa kesi.

Kisha nakausha. Taulo za karatasi, kipande kimoja kimoja, na mpaka chini ya ngozi pale kwenye mikunjo, usione aibu kutumia karatasi nyingi. Halafu chumvi, kwa kilo moja ya kuku naweka vijiko viwili vya chai, ni kama gramu 12, nachanganya na bekingi pauda kijiko kimoja na nusu cha chai na pilipili manga nusu kijiko. Bekingi PAUDA jamani, bekingi soda ni kitu kingine, hiyo itakupa ladha ya sabuni. Pauda inaifanya ngozi iwe na ualkali kidogo ndo maana ubrauni unawahi kuja, na vile vigesi vyake vinaacha vipele vidogovidogo juu ambavyo ndo vinakuja kuvunjika mdomoni. Chumvi nayo kwanza inavuta maji nje utaona kuku analowa, ukivumilia maji yale yanarudi ndani na chumvi yake, na nyama yenye chumvi mpaka katikati inashika maji yake vizuri ikipata moto. Hii ndo sababu chumvi ya kunyunyiza mwishoni haisaidii kitu zaidi ya ulimi.

Vipande napanga kwenye waya juu ya sinia, ngozi juu, naingiza kwenye friji BILA kufunika, shelfu ya chini kabisa ili visije vikadondoshea maji kwenye nyanya za watu. Friji inakausha vizuri sana, asubuhi ukigusa ngozi inakuwa kama karatasi, hailowani kidole. Ukiwa huna usiku mzima hata masaa manne yanaonekana tofauti.

Viungo vya unga tu ndo vinaingia hapo, paprika, unga wa kitunguu saumu, kidogo bizari nyembamba, navipaka pamoja na kijiko kimoja cha mafuta kabla tu ya kuingiza. Ndimu siiweki mapema, tindikali ikikaa masaa mengi inafanya nyama ya juu iwe kama unga, ndimu inakuja mezani. Asali na zile sosi tamu nazo mwishoni kabisa dakika mbili tatu za mwisho, sukari inaungua haraka mule ndani kwasababu moto na feni viko karibu.

Kupika sasa. Mashine ipate moto kwanza dakika 4 hivi ikiwa tupu, halafu vipande vikae safu moja na kati yao kuwe na upenyo, hewa ipite. Najua una wageni na unataka uingize kuku mzima kwa mkupuo, ukivipandisha juu ya vingine vinatoa mvuke vinachemshana na umerudi kulekule tulikotoka. Pika awamu mbili. Mapaja yenye mfupa naanza ngozi chini kwa 180 dakika 12, nageuza ngozi juu dakika 10 nyingine, kisha napandisha 200 dakika 4 au 5 nikiwa nimesimama pale pale. Vipapatio 200 moja kwa moja, dakika 20 hivi na kugeuza katikati. Kidari kisicho na mfupa 190, kati ya dakika 13 na 16 kutegemea unene, na kikiwa kinene upande mmoja nakigonga kidogo kilingane la sivyo ncha inakauka wakati katikati bado.

Ila dakika hizi ni makadirio, mashine zinatofautiana na umeme wetu nao jioni unashuka, ukishuka mashine inachelewa kupata moto. Kitu kilichonisaidia kuliko vyote ni kale kakipima joto ka kuchoma kwenye nyama, ni bei ndogo tu. Salama ya kuku ni nyuzi 74 pale kwenye unene, usiguse mfupa. Kidari nakitoa kikiwa 72 maana kikikaa nje kinajipandisha chenyewe, nasubiri nione imesoma 74 ndo tunakula. Paja halina papara, paja lina ile minyamanyama ya kuungia ambayo inataka 80 na kitu ndo ilainike, kwahiyo ukilitoa 74 ni salama lakini linakuwa kama mpira karibu na mfupa. Ndo maana kuweka kidari na paja awamu moja ni kumuonea mmoja wao.

Moshi ukianza, na utaanza kwenye 200 kwasababu mafuta ya ngozi yanadondoka chini, weka vijiko viwili vitatu vya maji kwenye droo chini ya kikapu, visizidi hapo.

Akishatoka, msimtie kwenye hotpoti!! Nimeona watu wanafanya kila kitu sawa halafu wanafunika kwenye hotpoti kusubiri baba arudi, mvuke wote unarudi kwenye ngozi na dakika kumi nyingi umepata kuku wa rosti. Na hapa Dar hewa yenyewe ina unyevu, hata ukimuacha wazi hadumu sana, kwahiyo nampumzisha juu ya waya dakika 5 na watu wawe wamenawa tayari.

Kienyeji ni habari nyingine na ukimpeleka kwa njia hii utamrudisha jikoni. Yule nyama yake imekomaa, inataka muda na maji, kwahiyo namchemsha kwanza na tangawizi, kitunguu saumu na chumvi mpaka aive kabisa ila asianze kuchambuka, presha kuka inaokoa gesi hapo. Supu naiweka pembeni hiyo ina wenyewe asubuhi na chapati. Vipande navitandaza kwenye sinia vikiwa bado vya moto, mvuke unaondoka na maji ya juu, vikipoa nafuta kwa karatasi, napaka mafuta kidogo, 200 dakika 10 mpaka 12. Ngozi yake nyembamba haivunjiki kama ya kisasa lakini ladha, kiukweli hapo kisasa akae kimya.

Umeme usiwatishe. Wati 1500 kwa dakika 25 ni kama uniti 0.6 na mara nyingi inapungua hapo kwasababu ikishafika joto inazima na kuwasha yenyewe, sisi tunaopata uniti 28 kwa elfu kumi ni shilingi mia mbili na ushee kwa awamu. Linganisha na lita ya mafuta ya kula. Tu usichomeke kwenye ekstensheni za bei rahisi pamoja na pasi na jagi la umeme, chomeka ukutani peke yake.

Kiporo cha mapaja na vipapatio kinarudi vizuri, 170 dakika 5 kutoka kwenye friji na ngozi inafufuka. Kidari usikirudishe, kichambue kikiwa baridi utie kwenye mkate na kachumbari na mayonezi.