Fungu la mama

Jana fundi wa pale jirani alikuwa anatia mafuta cherehani yake, na harufu ile ikanisimamisha njiani, mfuko wa nyanya mkononi. Mama alikuwa akinukia hivyo, kabla ya mwaka 1994.

Mwaka huo baba alifariki, na baba mdogo akaja na mkokoteni hata matanga hayajaanuliwa, akachukua cherehani ya mama. Nyumba mama hakuigombania. Alifungua shauri Mahakama ya Mwanzo kwa ajili ya cherehani tu. Fedha zilikuwa zake, za maandazi, lakini risiti ilikuwa na jina la baba, maana ndiye aliyekwenda dukani.

Wazee wa baraza walikaa ubavuni mwa hakimu. Mmoja aliinamia mkongojo wake muda wote. Hakimu alisoma kwa sauti ya chini, akafika kwenye tangazo la sheria za mila la mwaka 1963, akasita. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Ndipo akasoma kwamba mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza.

Watu wakageuka kuniangalia. Nilikuwa na miaka 10, nimevaa sare ya shule kwa kuwa sikuwa na gauni jingine la maana. Fungu la mama lilikuwa mimi. Kiatu changu cha kushoto kilikuwa kimepasuka, nikakificha nyuma ya mwenzake. Mama aliniwekea mkono kichwani, akasema, "Nimesikia, mheshimiwa." Yule mzee hakuinua uso.

Hakimu simlaumu. Hakula rushwa, wala hakumdharau mama, alisoma kilichoandikwa. Baadaye wajane wawili walizifikisha kanuni hizohizo Mahakama Kuu ya Tanzania. Mwaka 2006 ikakubali kwamba zinabagua, lakini haikuzifuta.

Siku hizi mama anaishi kwangu. Kila jioni namtengea maji ya kuoga na dawa zake za presha, kwa mapenzi yangu. Ila ziko siku nakumbuka kwamba hivi ndivyo hukumu ilivyoagiza, na inaniuma kuona karatasi ile imepata ilichotaka.

Jana niliporudi na nyanya nilimuuliza kama angependa nimnunulie cherehani. Alinyamaza kitambo.

"Risiti," akasema, "utaandikisha jina la nani?"