Kumbukumbu ya mradi wangu: tangi la maji ya mvua na hesabu za mcheduara

Wiki ya tatu. Ukuta umesimama na umepigwa lipu kwa nje, lakini leo nimelazimika kurudia hesabu zote. Nilikuwa nimezungusha kamba ya kupimia kwa nje nikapata mzingo wa mita 6.60, nikaugawanya kwa pai, yaani 3.1416, nikapata kipenyo cha mita 2.10. Kwa kuwa tangi letu ni mcheduara, yaani lina umbo la pipa, na ujazo wa mcheduara ni eneo la kitako mara kimo, na kimo chetu ni mita 1.80, nilitangaza nyumbani kwamba tutahifadhi lita 6,230.

Nilisahau ukuta. Ukishapigwa lipu ya ndani utakuwa na unene wa sentimita 5, kwa hiyo kipenyo cha ndani ni mita 2.00 tu, na ujazo ni lita 5,655. Unene ambao niliudharau umetunyang'anya karibu lita 580, ambazo ni ndoo 29 za lita 20. Sababu ni kwamba nusu kipenyo huzidishwa chenyewe kwa chenyewe, ilhali kimo huingia katika hesabu mara moja, na kosa la asilimia 5 kwenye nusu kipenyo huwa kosa la zaidi ya asilimia 10 kwenye ujazo.

Wiki ya nne. Lipu ya ndani, unene wa sentimita 2. Eneo la ukuta nililikokotoa sawasawa: mzingo wa ndani, mita 6.28, mara kimo, jumla mita za mraba 11.31. Ukiukata mcheduara wima na kuukunjua, unapata mstatili wenye vipimo hivyo hivyo. Fundi alipofika sakafuni saruji ikaisha. "Mwalimu, na chini je?" akauliza, huku ameshika mwiko mtupu. Kitako kina mita za mraba 3.14, nami sikukihesabu. Kilihitaji ndoo tatu zaidi za mchanganyiko, na dukani nilirudi kwa bodaboda.

Jambo moja lilinifurahisha bila kulipanga. Mcheduara uliofunikwa hutumia eneo dogo kabisa la uso kwa ujazo uleule pale kimo kinapolingana na kipenyo. Letu, kwa kuhesabu kuta, kitako na mfuniko, ni mita za mraba 17.59, umbo bora kwa ujazo huo lingetumia 17.57.

Wiki ya sita. Lipu imekauka baada ya kumwagiliwa kila siku. Kwa kuwa kila sentimita ya kina ni lita 31.4, nimechonga alama kwenye ufito wa mianzi. Tulimimina ndoo kumi, lita 200, tukitarajia sentimita 6.4, ufito ulionyesha 6.5, nadhani kwa sababu lipu imezidi unene mahali fulani.

Bomba la kumwagia maji ya ziada liko mita 1.65 kutoka sakafuni, na koki iko sentimita 10 juu ya sakafu, hivyo maji tutakayochota kweli yana kina cha mita 1.55, yaani lita 4,870. Fundi ameshapaka rangi ubavuni "LITA 6000". Nimemwachia.